Uzi: Madaktari na manesi wetu walifundishwa na nani kutoa habari mbaya?

Mkufunzi_Ngara (mwenye uzi)

Wadau, salamu. Juzi humu ndani kulikuwa na uzi wa malalamiko kuhusu jinsi wahudumu wa hospitali za Nairobi wanavyoongea na wagonjwa na jamaa zao. Visa vilikuwa vingi, na karibu kila mchangiaji alimaliza kwa hukumu ile ile: hawa watu hawana utu. Mimi nilisoma kimya kwa sababu hao watu ndio wanafunzi wangu. Nafanyisha mazoezi wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari wa intani (wale wapya walio kwenye mafunzo ya vitendo), na kazi yangu ni sehemu ile tu ya kukaa na mgonjwa au familia na kusema jambo ambalo hakuna anayetaka kulisikia. Nimekuja kubisha. Wengi wao utu wanao tele. Kuna ambao huenda kulia chooni baada ya zamu. Walichonyimwa ni mafunzo.

Angalieni daktari anavyofundishwa kushona kidonda. Anaonyeshwa, anashika sindano mkubwa wake akiwa kando, anakosolewa, anafumua, anashona tena. Halafu angalieni anavyofundishwa kumwambia mama kwamba mtoto wake hatapona. Anasimama nyuma ya daktari bingwa kwenye raundi ya wadi, anasikia sentensi tatu za haraka, basi. Siku inafika ni saa tisa usiku, bingwa yuko nyumbani, zamu ni yake. Atasema nini? Atasema alichowahi kusikia, kwa sauti aliyowahi kuisikia. Kama bingwa wake alikuwa mkavu, tumepata mkavu mwingine.

Kuna imani kwamba miaka ya kazi hurekebisha mambo haya yenyewe. Si kweli, na ilipimwa. Mwaka 2002 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Lesley Fallowfield na wenzake Uingereza, lililohusisha madaktari 160 wa saratani kutoka vituo 34. Hawa hawakuwa watoto wa shule, ni watu waliokuwa wametoa habari mbaya maisha yao yote ya kazi. Waliopitia kozi ya siku 3 walibadilika: waliuliza maswali ya wazi zaidi, walionyesha kuguswa zaidi, na walipunguza yale maswali yanayomwekea mgonjwa jibu mdomoni ("hakuna maumivu, sivyo?"). Watafiti walisema wazi kwamba matatizo ya mawasiliano ya madaktari wakongwe hayaondoki kwa muda na uzoefu.

Ramani tunayoitumia sana inaitwa SPIKES. Walter Baile, Robert Buckman na wenzao waliichapisha mwaka 2000 kwa ajili ya madaktari wa saratani. Ina hatua 6: tayarisha mahali, uliza mgonjwa anajua nini tayari, uliza angependa kujua kiasi gani, sema, shughulikia hisia zinazokuja, kisha pangeni kinachofuata. Sitazieleza zote. Ya pili ndiyo ninayoipigania, kwa sababu ndiyo inayorukwa. "Mama, mpaka sasa mmeambiwa nini kuhusu ugonjwa wa mzee?" Swali la sekunde tano. Akijibu "tuliambiwa ni vidonda vya tumbo," na wewe mkononi una ripoti ya saratani iliyosambaa hadi kwenye ini, basi umeshajua safari yako ni ndefu kiasi gani. Usipouliza unaanzia mwisho wa safari, yeye bado yuko stendi.

Sasa chumba cha mazoezi. Mtindo wa kutumia mtu anayeigiza ugonjwa ulianzishwa na daktari Howard Barrows huko Los Angeles mwaka 1963, na mwanzoni wenzake walimcheka. Sisi tunatumia waigizaji wa jukwaani wa hapa hapa mjini. Kipindi kimoja nitawaeleza, kwa kuwa kinafanana na vingine vingi.

Intani anaingia. Mama wa kuigiza ameketi na kikapu. Mwanawe Brian aligongwa na pikipiki, amefia kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Intani anaketi, vizuri, kisha anaanza: "Mama, tulifanya kila tulichoweza. Presha ilishuka tukampa dawa ya kuipandisha, figo zikagoma, tukaongeza oksijeni, ikafika mahali mwili ukawa hauitikii..." Mama anaitikia kwa kichwa kwa heshima muda wote. Akimaliza, mama anasema: "Asante daktari. Sasa naweza kumwona? Nimemletea uji."

Hapo nasimamisha. Simwambii amekosea. Namuuliza, "Mama anajua nini sasa hivi?" Anafikiri. "Hajui kama amefariki." "Ulimwambia wapi?" Anarudi nyuma kichwani, anapekua kila sentensi, haipo. Alizunguka shimo lote bila kulitaja.

Tunarudi nyuma dakika moja. Mara ya pili anasema, "Mama, habari niliyo nayo ni nzito sana." Anatua. "Brian amefariki. Amefariki leo alfajiri." Safi. Ila mama anapoanza kulia, yeye anarukia tena presha na figo, maana ukimya unamchoma. Tunarudia mara nyingine. Mara hii ananyamaza, anasogeza kiti karibu, anaweka boksi la tishu ambapo mama ataifikia bila kuombwa. Sekunde kumi za kimya mbele ya mtu anayelia ni ndefu kuliko foleni ya Mombasa Road siku ya mvua. Mama ndiye anayeufungua: "Aliumia sana?" Na hilo ndilo swali alilokuwa nalo siku zote. Figo hakuziulizia kabisa.

Ndiyo mafunzo hayo. Kusema, kusimamishwa, kurudia, mbele ya wenzako wanne au watano na mtu wa kukushika mkono. Hotuba ya saa mbili yenye slaidi kuhusu huruma haijawahi kumbadilisha mtu.

Kitu kimoja kabla sijawaachia uwanja. Ramani za ng'ambo zinadhani kuna chumba chenye mlango, mgonjwa mmoja na mwenzi wake. Hapa kuna pazia, kitanda cha jirani kiko hatua moja, na nje wamesimama shemeji, mwenyekiti wa ukoo, mchungaji na binamu aliyepiga simu kutoka Dallas. Wa kwanza kukuvuta kando atakwambia: "Daktari, mzee asijue." Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, isipokuwa pale ambapo kuna ushahidi mzito kwamba kuelezwa kutamdhuru. Lakini ukimsomea mtoto wa mtu kifungu cha sheria kwenye korido, umempoteza. Tunachofundisha ni kumuuliza kwanza: "Mnahofia nini akijua?" Mara nyingi jibu ni kwamba baba yao mdogo aliambiwa, akageukia ukuta, akakataa chakula. Hofu hiyo ina historia, isikilize. Kisha unakwenda kwa mzee mwenyewe: "Mzee, kuna watu hupenda kujua kila kitu kuhusu ugonjwa wao, na kuna wanaopenda tuzungumze na mtoto wao mkubwa. Wewe ungependa tufanyeje?" Akisema "ongea na Wanjiru," hiyo nayo ni haki yake ameitumia. Akisema "niambie mimi," familia imesikia kwa masikio yake yenyewe.

Karibuni. Wahudumu na jamaa wote.

SistaZamu

Mwalimu umeandika kama aliyekaa wadini. Ila ngoja nikuongezee upande wetu. Daktari akishasema anaondoka, ana wagonjwa wengine. Anayebaki na mama ni mimi. Dakika mbili baadaye mama ananishika mkono: "Sista, daktari amesema nini?" Na mimi sikuwepo aliposema! Niliitwa upande wa pili kubadilisha dripu. Kwa hiyo nakisia. Nikikisia kwa matumaini zaidi ya daktari, kesho tunaonekana waongo sote wawili.

Ombi langu kwenye mafunzo: msitutenganishe. Madaktari wakifanya peke yao Jumanne na manesi peke yetu Alhamisi, wadini tutakutana kama wageni. Nesi aingie naye chumbani, na kabla ya kuingia waambiane nje nani atasema nini.

Na kuna watu hamuwafikirii kabisa. Askari wa getini. Karani wa rekodi. Hospitali moja niliyowahi kufanya kazi, familia ilifika saa za kutazama wagonjwa, askari akafungua daftari lake akauliza kwa sauti, "Nyinyi ni wa yule wa kitanda cha kumi na mbili aliyeenda mochwari?" Daktari alikuwa amejiandaa ofisini na faili. Geti lilikuwa limeshamtangulia.

Jirani_Kayole

Sista hapo kwa askari umenigusa. Sisi na buda yetu ilikuwa hivi: tunasimama korido, jamaa wa kanzu nyeupe anakuja mbio mbio, anasema "poleni, hatukufanikiwa," na kabla hata mathe hajakaa chini, mwingine ameshatupa karatasi ya bili. Pumzi moja. Siku hiyo nilitaka kumpiga mtu, sitadanganya. Hadi leo mathe ukimuuliza siku buda alipoondoka, anakumbuka kiasi cha ile bili hadi shilingi ya mwisho. Sura ya daktari haikumbuki.

Swali kwa Mkufunzi: kuna somo la pesa kwenye hayo mafunzo yenu, ama ni huruma tu? Maana Nairobi hii habari mbaya ya pili huwa ni pesa. Wakati mwingine ndiyo ya kwanza.

Intani_Mchovu

Heshima kwako mwalimu, lakini niruhusu nikupinge kidogo. Mimi pia husoma. Mwaka 2013 kulikuwa na utafiti mkubwa kwenye JAMA, jarida la tiba la Marekani, wa Randall Curtis na wenzake. Walichukua madaktari wanafunzi na wauguzi wa ngazi ya juu, wakawafanyisha mazoezi haya haya ya kuigiza, vipindi kadhaa, na waigizaji wa kulipwa. Kisha wakawauliza wagonjwa na familia kama wameona tofauti. Hawakuona. Tena wagonjwa wa kundi lililofunzwa walikuwa na dalili za sonona (huzuni ya kuugua) juu kidogo. Sasa hapo tunauziwa nini?

Na muda. Kwenye wadi yangu usiku niko na afisa wa kliniki mmoja na vitanda ambavyo vingine vina watu wawili. Niketi, nisogeze kiti, ninyamaze sekunde kumi. Kiti chenyewe kiko wapi? Mimi nakubali sisi tunaongea vibaya. Ila mkinipa kozi halafu mnirudishe mahali pale pale, mtakuwa mmenipa hatia mpya juu ya uchovu wa zamani.

Mkufunzi_Ngara

Intani, umeleta utafiti wenyewe ambao nilitegemea mtu aulete. Uko sahihi, matokeo yalikuwa hivyo, na kila anayefundisha kazi hii anapaswa kuyajua. Ongeza hili: kikundi hicho hicho cha watafiti kilipowapima waliofunzwa kwenye chumba cha mazoezi, ujuzi ulikuwa umepanda, wa kutoa habari na wa kuitikia hisia. Kwa hiyo walijifunza. Kilichokwama ni daraja la kutoka chumba cha mazoezi hadi kitandani. Mtu anatoka kozini, anarudi wadini, hakuna anayemtazama tena akiongea, bingwa wake anaongea vile vile kama zamani. Baada ya mwezi naye ni wa zamani. Kuhusu ile sonona, mimi naisoma hivi: ukimfungulia mtu mlango wa ukweli halafu hakuna wa kurudi kesho yake, umemwacha nao peke yake. Hayo ni maoni yangu, si ya watafiti.

Suala la muda nalo lina namba zake. Ufaransa, vyumba 22 vya wagonjwa mahututi, 2007, utafiti wa Alexandre Lautrette na wenzake. Familia 126 za wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa. Nusu walipata kikao cha kawaida, nusu wakapata kikao kilichopangwa pamoja na kijitabu kuhusu msiba. Kikao cha kawaida kilikuwa kama dakika 20, kilichopangwa dakika 30. Kumi tu za ziada. Lakini angalia ndani yake: kwenye kikao cha kawaida familia iliongea dakika 5, kwenye kilichopangwa dakika 14. Yaani karibu muda wote ulioongezwa walipewa wao. Siku 90 baadaye, dalili za kiwewe zilionekana kwa asilimia 45 ya wale wa kikao kilichopangwa, na asilimia 69 ya wale wengine. Daktari hakuongeza hotuba. Alifunga mdomo.

Na sisi tuna tabia ya kufungua mdomo. Beckman na Frankel mwaka 1984 walirekodi ziara 74 za wagonjwa kliniki huko Marekani: kwa wastani daktari alimkata mgonjwa baada ya sekunde 18. Dakika unazosema huna, nyingine zinapotelea hapo, kwa kujibu swali ambalo mtu hakuuliza na kuitwa tena saa moja baadaye kueleza upya. Kiti sina jibu. Leteni kiti.

Jirani, poleni sana wewe na mathe. Somo la pesa lipo na tulilazimika kulitunga wenyewe, maana vitabu vya huko havina. Kanuni ni fupi: aliyetoa habari ya kifo hataji pesa, na anayedai pesa haingii chumba hicho. Familia ikiuliza yenyewe, na huuliza, jibu ni "Mambo ya malipo yapo na kuna mtu atakaa nanyi kuyapanga. Sasa hivi tuko na mzee." Halafu huyo mtu awepo kweli, afisa wa ustawi wa jamii anayejua SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa nini na msamaha wa bili unaombwaje. Kwa mgonjwa aliye hai ni kinyume. Pale pesa lazima ziingie kwenye mazungumzo mapema, kwa sababu kuna familia huuza shamba kwa matibabu ambayo daktari mwenyewe moyoni anajua hayatabadilisha kitu, na hakuna aliyethubutu kuwaambia. Huo ukimya ni mbaya kuliko ukavu wowote. Na mwili kuzuiliwa kwa sababu ya deni, mahakama zetu zimeshasema si halali, ingawa kila mtu hapa anajua kinachotokea.

Binti_Eastleigh

Asalaam alaykum. Hamjagusa lugha. Mimi nilikuwa mkalimani wa mama yangu nikiwa kidato cha pili. Daktari alikuwa anaongea nami Kiswahili, namgeuzia mama Kisomali. Alipofika kwenye neno saratani niliruka. Nilisema uvimbe. Daktari hakujua, mama hakujua, mimi peke yangu ndiye nilijua, na nilikuwa na mtihani wiki hiyo.

Sasa nikienda hospitali na jirani nakuta hali ni ile ile. Wanamwita msafishaji aje atafsiri, au mtoto. Na wakipata mkalimani, daktari anamwangalia mkalimani: "Mwambie kwamba..." Mgonjwa amekaa pale kama mzigo.

Jingine. Daktari akisema hali ni mbaya, watu wetu wanajibu, "Tumemwachia Mwenyezi Mungu." Nimeona madaktari wanakasirika, wanadhani hatujaelewa. Tumeelewa. Na mtu akifariki tunataka kuzika mapema, kwa hiyo kama kuna upasuaji wa maiti unaotakiwa na polisi, semeni mara moja na sababu yake. Msituache tumeshaita gari, kaburi limeshachimbwa, ndipo mtuambie.

Mkufunzi_Ngara

Wa alaykum salaam, dada. La mtoto kutafsiri tunalikataza waziwazi kwenye mazoezi, na nitakiomba kisa chako, bila jina, niwasomee. Mkalimani akiwepo: kaeni pembe tatu, mtazame mgonjwa machoni, sentensi fupi moja moja, na kabla ya kuingia mwambie mkalimani ni habari gani inakuja, maana naye ni binadamu.

Hilo la Mungu ni zito, na hutokea kwa Wakristo vile vile, "tunaamini muujiza." Daktari akibishana ameshindwa, na akisema "sawa" akaondoka pia ameshindwa. Tunachojaribu: "Nami natumaini pamoja nanyi. Na nina wasiwasi pia. Kama Mungu ataamua kumchukua, mzee angependa awe wapi, na nani karibu?" Matumaini na wasiwasi vinakaa kwenye kikao kimoja, hakuna aliyenyang'anywa imani yake. Nimeona familia zikinyamaza kwa muda, halafu mtu mzima mmoja anasema, "Alisema anataka kufia nyumbani." Ukishasikia hilo, watu wa tiba shufaa, wale wa kupunguza maumivu ya mgonjwa asiyepona, wana kazi ya kufanya. Nairobi Hospice wako pale karibu na hospitali ya Kenyatta tangu 1990 na kazi yao ni hiyo hiyo, lakini wengi wetu huwaita mgonjwa akiwa amebakisha siku mbili.

MshauriNasaha

Nacheka kidogo, kwa upendo. Mnaongea kana kwamba nchi hii haijawahi kufanya hili. Mimi ni wa vituo vya VCT, vile vya ushauri na kupima VVU kwa hiari, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati majibu ya VVU yalikuwa kama hukumu. Tulifunzwa kuuliza kabla ya kupima: "Majibu yakija hivi utafanya nini? Yakija vile, utamwambia nani wa kwanza?" Tulifunzwa kutoa jibu kwa sentensi moja na kunyamaza. Hatukuwa madaktari, wengine walikuwa walimu na akina mama wa kanisa. Na tuliweza.

Tena tulikuwa na kile ambacho huyo daktari wa intani analilia. Usimamizi. Kila baada ya muda mshauri mwenye uzoefu anakuja, mnakaa kikundi, unasema "kuna mteja amenishinda, bado namuota usiku," na hakuna anayekucheka. Bila hiyo tungeungua sote. Swali langu siku zote limekuwa: kwa nini ujuzi ule uliishia kwenye hema la VCT? Mtu anahama kutoka chumba cha VVU hadi wadi ya saratani jengo lile lile, na anakuta hakuna anayejua kuuliza "utamwambia nani wa kwanza."

Mama_Wawili

Mimi nina jambo dogo. Nilijua mtoto amekufa tumboni kwa sababu fundi wa skani aligeuza skrini upande wake na akaacha kuongea. Alikuwa ananichekesha, ghafla kimya. Akasema "daktari ataongea na wewe," nikakaa kwenye benchi na wajawazito wengine nikisubiri karibu mchana mzima. Najua haruhusiwi kusema. Lakini hata kimya chake kilikuwa kimesema.

Baadaye nesi mmoja aliniuliza kama nataka kumshika mtoto. Mama mkwe alikataa kabla sijajibu. Yule nesi akaniangalia mimi, akauliza tena.

Mkufunzi_Ngara

Pole sana, dada yangu. Asante kwa kuandika. Huyo nesi ningependa kumwajiri.

Mafundi wa skani hatujawahi kuwaalika. Nimeliandika. Sentensi wanayoweza kusema bila kuvuka mipaka yao ipo: "Kuna kitu nimeona ambacho nataka daktari aje akiangalie sasa hivi. Usikae nje, kaa hapa, namwita." Haisemi uongo na haimwachi mtu kwenye benchi.

Mshauri, umenipa jibu zuri kuliko langu kwa Intani. Kozi bila usimamizi ndiyo ile ya 2013.

Intani_Mchovu

Nakubali hapo. Mkinipa kikao cha nusu saa kila baada ya wiki mbili na mtu kama Mshauri, na siku moja moja mtu akae nami kitandani anisikilize, nitarudi kwenye kozi hata bila cheti.

Swali la haraka kwa sababu niko zamu kesho. Simu. Mgonjwa yuko mahututi hapa, jamaa wako Kitui au Busia, mtu anakufa usiku. Mkubwa wangu alinifundisha kusema "hali imebadilika, njooni," kisha uwaambie wakifika. Wako njiani usiku kucha kwenye matatu. Ni sawa?

Mkufunzi_Ngara

Hili hata wakufunzi hugombana juu yake. Mimi nasimama hapa: ukiulizwa moja kwa moja "amekufa?" usidanganye, hata kama ulipanga kusubiri. Akigundua alidanganywa kwenye simu, hataamini chochote kingine utakachomwambia kuhusu yale matibabu.

Kabla hujafika kwenye habari yenyewe: jitambulishe, hakikisha ni nani anaongea, muulize yuko wapi na kama kuna mtu karibu naye. Akiwa anaendesha gari au bodaboda, mwambie asimame kwanza. Akiwa peke yake muulize nani anaweza kuja kukaa naye, upige tena baada ya dakika kumi, na upige kweli. Kisha ni vile vile: habari ni nzito, tua, jina, amefariki. Usikate simu wa kwanza. Mwachie namba ya wadi na jina la atakayekuwa zamu asubuhi.

Na jambo linalosahaulika: mgonjwa akiwa bado hai lakini anaelekea, piga simu mchana. Simu nyingi za saa tisa usiku zilipaswa kupigwa saa kumi jioni.

SistaZamu

Mwalimu, wadini kwetu kuna stoo ya shuka ina dirisha, na viti vinne vinaingia. Naenda kumwona matroni Jumatatu. Nikiipata, ukija kufanya mazoezi uje pale pale badala ya kutuita ukumbini, tuzoee chumba tutakachokitumia. Na nitamleta askari.

Mkufunzi_Ngara

Nitakuja. Mlete askari, karani, na fundi wa skani kama yuko zamu.

Jirani_Kayole

Mnahitaji waigizaji? Mimi niko. Sehemu ya mtoto wa marehemu naijua vizuri bila kusoma karatasi.

Mkufunzi_Ngara

Ndugu yangu, nashukuru, ila hatumpi mtu sehemu inayofanana na msiba wake, hasa ukiwa bado mbichi. Unaweza kutoka chumbani umeumia na hakuna aliyejua. Njoo kwanza kama msikilizaji, ukae nyuma, mwishoni uwaambie madaktari ulichosikia wewe. Hilo wanalihitaji zaidi. Baadaye, ukitaka kuigiza, nitakupa mtu tofauti kabisa: shemeji mkali anayetaka kumhamisha mgonjwa usiku.

Jirani_Kayole

Huyo shemeji namweza. Nauli mnatoa?

Mkufunzi_Ngara

Nauli na chai. Mandazi inategemea matroni.